Bafu la Mama Mdogo: Mafungu 100 na Ukuta Uliolowa

Kisa hiki kinahusu bafu la mita 1.6 kwa 2.4, ukuta wa chumba cha kulala uliokuwa ukitoa jasho upande wa pili, na mwenye nyumba ambaye pesa yake haikufika hata nusu ya alichoambiwa kinahitajika. Mwenye nyumba ni mama yangu mdogo. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kukadiria gharama za ujenzi, na niliitwa kuangalia karatasi ya makadirio. Nilipofika nikaomba kwanza nilione bafu lenyewe.

Bei sizitaji, maana hazimfai anayesoma akiwa kwingine. Pesa yote aliyokuwa nayo tuiite mafungu 100. Fundi wa kwanza alikuwa ameandika kazi ya mafungu 240: choo kihamishiwe chini ya dirisha, vigae vipya kuta zote nne hadi darini, sinki lenye kabati, dari mpya na taa zake. Niliisoma ile karatasi mara mbili nikitafuta mstari mmoja tu, nao haukuwamo. Mafungu 240, na hakuna hata fungu moja la kuzuia maji.

"Sasa mwanangu, tupunguze nini?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu, kwa sababu hatukujua bado maji yanatoka wapi.

Kumsaka mwizi

Chumbani, nyuma ya shawa, rangi ilikuwa imefura malengelenge hadi usawa wa goti. Wengi wakiona hivyo hukwangua, wakapaka rangi nyingine, funika kombe mwanaharamu apite. Malengelenge hurudi. Ukuta ukilowa karibu na bafu, wa kushukiwa ni watatu: bomba la maji safi ndani ya ukuta, bomba la majitaka, au maji ya kuoga yanayopenya kwenye vigae. Kila mmoja ana tiba yake na gharama yake, na ukikosea mshukiwa unavunja ukuta bure.

Wa kwanza tulimpima kwa mita ya maji. Usiku watu wote walipolala tulifunga koki zote, tukaandika namba za mita, asubuhi tukazisoma tena. Zilikuwa zimesogea. Usiku wa pili tulirudia, safari hii tukiwa tumefunga na koki ndogo inayolisha tanki la choo. Hazikusogea hata kidogo. Kwa hiyo mabomba ya ukutani yalikuwa salama, na tulikuwa tumemkamata mwizi ambaye hatukumtafuta: mpira wa ndani ya tanki la choo ulikuwa umechakaa ukipitisha maji polepole, bila sauti. Kuthibitisha, tulitia rangi kidogo kwenye maji ya tanki na kukaa nusu saa bila kuvuta. Rangi ikashuka bakulini yenyewe.

Ila choo kilikuwa ukuta mwingine, na maji yake yalikuwa yakiishia bakulini. Hakikuwa ndicho kinacholowesha chumba.

Basi nikachukua penseli, nikachora mstari kufuata ukingo wa doa la unyevu, nikaandika tarehe pembeni. Mama mdogo hakupenda hata kidogo ukuta wake kuchorwa. Nikamwomba shawa isitumike kwa wiki mbili, watu waogee bafu la nje. Siku ya kumi doa lilikuwa limerudi ndani ya mstari kwa upana wa vidole viwili. Shawa peke yake ndiyo iliyosimamishwa, si choo wala sinki, kwa hiyo bomba lao la majitaka nalo lilitoka kwenye orodha ya washukiwa. Ushahidi huo ulinitosha. Maji yalikuwa ya kuoga, na yalipitia kwenye kona ambapo ukuta unakutana na sakafu: grauti, ule ujazo wa kati ya vigae, ilikuwa imepasuka kwa mstari mwembamba kama unywele, na chini yake hapakuwa na kinga yoyote.

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Grauti ya saruji haizuii maji, na kigae kizuri kiasi gani hakizuii maji peke yake. Kigae ni nguo ya nje. Kinachozuia maji ni tabaka lililofichwa chini yake, na kama halipo, ukuta unakunywa kila mtu anapooga. Methali inataka tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Bafuni mambo ni kinyume: sharti ubomoe ukuta kwanza ndipo uuone ufa.

Mkasi

Baada ya hapo kukata hakukuwa kugumu. Kitu cha kwanza kubaki mahali pake kilikuwa choo. Bomba lake la majitaka lina kipenyo cha milimita 100 na linahitaji mteremko wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Kukihamishia chini ya dirisha kulimaanisha kuchimbua zege, kulaza bomba jipya kwa mteremko huo, kuunganisha, kisha kuziba. Yote hayo ili mtu akae akitazama upande mwingine. Ukiwa na pesa kidogo na unataka kanuni moja ya kushika, shika hii: choo, sinki na shawa vibaki vilipo. Mabomba yaliyozikwa ndiyo yanayokula bajeti.

Bakuli la choo lenyewe halikuwa na ufa. Tulinunua vifaa vya ndani ya tanki na kiti kipya, mafungu 3. Mtu mmoja wa nyumbani alishauri tutie tofali ndani ya tanki ili litumie maji kidogo. Nilikataa. Bakuli lile lilitengenezwa enzi za tanki la lita 9. Ukilipatia lita 6 halisafiki, na mtu atavuta mara mbili. Tofali nalo humomonyoka na mchanga wake huenda kukaa palepale kwenye mpira uliotoka kubadilishwa.

Vigae vya kuta kavu, zisizopigwa na maji ya shawa, tuliviacha. Nilizunguka na sarafu nikigonga kimoja kimoja. Kigae kilichoshika vizuri hutoa mlio mfupi uliojaa. Kilichoachia hulia kama kopo tupu. Vilivyolia vibaya vilikuwa viwili tu, vikabandikwa upya. Vingine vilisuguliwa na kutiwa grauti mpya. Kwa uamuzi huo eneo la vigae vya ukutani lilishuka kutoka kama mita za mraba 18 hadi 6.8, yaani ukuta wa nyuma wa shawa na sentimita 90 za kila upande, kimo cha mita 2.

Hapo ndipo tulipogombana. Vigae vya zamani vilikuwa vya buluu iliyofifia. Vipya vingekuwa vyeupe. "Bafu litakuwa na viraka kama suruali ya mkulima," alisema mama mdogo. Alitaka kuvipaka rangi vile vya zamani. Nilimweleza kwamba rangi juu ya kigae hushika ikiandaliwa vyema, lakini maandalizi yake ni ghali na sehemu ya kuogea hubabuka mapema. Hakuridhika. Alikubali kwa sababu pesa haikuwepo, na nadhani ni haki kuandika hivyo badala ya kujidai kwamba nilimshawishi.

Mgawanyo tuliotoka nao ulikuwa huu: kubomoa na kuondoa kifusi 8, mabomba na koki 14, sakafu ya mteremko pamoja na kuzuia maji 21, vigae na gundi yake 23, umeme 10, choo 3, sinki na bomba lake 5, rangi ya dari 4. Ufundi umo ndani ya kila kimoja. Zinabaki 12, nazo nilizifungia kando kwa jina la dharura. Yale 10 ya umeme yalimshangaza, maana hatukuwa tunaongeza hata taa. Lakini waya wa heta ya shawa haukuwa na kifaa kinachokata umeme chenyewe mkondo unapovuja, kile cha miliampea 30. Mtu aliyelowa amesimama juu ya sakafu iliyolowa, na juu ya kichwa chake kuna umeme. Hapo sikutaka mjadala.

Kizibo

Fundi tuliyempata alikuwa kijana mwenye mkono safi. Alibomoa sakafu yote na kona ya shawa kwa siku mbili, akapiga lipu upya, kisha akaweka sakafu ya saruji na mchanga, moja kwa tatu, yenye mteremko: sentimita 2 kwa kila mita ndani ya shawa, sentimita 1 kwa mita sehemu nyingine. Nilipita na pima maji nikakuta kazi imenyooka. Tukaiacha ikomae kwa muda ulioandikwa kwenye ndoo ya dawa, kisha akapaka dawa ya kuzuia maji koti mbili, ya pili ikikatisha ya kwanza, na kwenye kona zote akazamisha kitambaa cha wavu kati ya koti na koti. Ukutani ilipanda mita 2 sehemu ya shawa na sentimita 15 kwingineko.

Siku iliyofuata alikuja na vigae. Nikamwambia vigae vitasubiri, leo tunajaza maji.

Jaribio lenyewe halina gharama. Unaziba kitoleo cha sakafuni, yaani tundu la kutolea maji, unajenga kizuizi kidogo upande wa mlango, unajaza maji kina cha sentimita 3, unaweka alama, unasubiri saa 24. Fundi alinitazama kama mtu aliyeambiwa asubiri mvua. Nilimwelewa. Alikuwa analipwa kwa kazi, na siku ya kukaa bure ni siku aliyoibiwa. Hili wenye nyumba hawalifikirii: ukimlipa fundi kwa namna ambayo subira inamtia hasara, usimlaumu akikimbia. Nikatoa mafungu 2 kwenye dharura yalipe siku zake za kungoja, na hapo uso wake ukabadilika.

Asubuhi maji yalikuwa yameshuka milimita 12 chini ya alama.

Chumba kilikuwa kimefungwa. Mvuke wa usiku mmoja ungechukua milimita moja, mbili ukizidisha. Fundi alitazama kizibo. "Hiki ndicho kinachovuja, mkubwa. Kimevimba vibaya." Inawezekana, na kama ni hivyo maji yangekuwa yameteremkia kwenye bomba na kutokea chemba ya nje. Tulitoka tukafunua chemba. Mdomo wa lile bomba ulikuwa mkavu, na buibui alikuwa amejenga hapo. Tukasimama wote wawili tukimtazama yule buibui.

Kwa hiyo maji yalikwenda kwingine. Tuliyaacha yaendelee kushuka, na yalipofika usawa wa ukingo wa kitoleo yakatulia hapohapo. Hiyo ni dalili ya kuikumbuka: maji husimama kushuka yanapofika kimo cha tundu yanamotorokea. Fundi alikata saruji kuzunguka kitoleo kwa patasi. Kitoleo cha zamani kilikuwa mdomo mwembamba wa plastiki uliochomekwa tu kwenye bomba, hauna ukingo wa kushikamana na chochote. Dawa ilipakwa hadi pale, ikakauka, ikajivuta, ikaacha mwanya usioonekana kwa macho. Kila tone ambalo lingepenya kati ya vigae lingefuata mteremko mzuri tuliojenga hadi kwenye mwanya huo.

Tulinunua kitoleo chenye ukingo mpana bapa, wa upana wa kiganja, ambao dawa na kitambaa vinalala juu yake. Kazi ilichukua siku tatu, na pamoja na ufundi ilikula mafungu 6 ya dharura. Tukajaza tena. Saa 24 baadaye maji yalikuwa yameshuka milimita 1. Yule fundi ndiye aliyepima, kwa rula yake, na ndiye aliyeniita nikaone.

Ninafikiria hesabu ya upande wa pili. Kama vigae vingelazwa siku ile alipokuja navyo, mwanya ungegunduliwa miezi mingi baadaye kwa malengelenge mapya chumbani, na mafungu 44 ya sakafu na vigae yangeishia kwenye kifusi.

Vigae, kwa ufupi

Kuhusu vigae sina mengi, ingawa ndivyo wageni wanavyovisifia. Vya ukutani tulivipata kwenye mabaki ya shehena, vya mwisho mwisho ambavyo muuzaji anataka viondoke. Ni njia nzuri ya kubana pesa, kwa sharti moja: vyote viwe na namba ileile ya shehena kwenye boksi, na uchukue asilimia 10 ya ziada siku hiyohiyo, kwa sababu ukirudi huvikuti. Vyeupe viwili vya shehena mbili si weupe mmoja.

Vya sakafuni vilikuwa vya sentimita 30 kwa 30, vyenye uso wa kukwaruza. Sehemu ya shawa kigae kikubwa hakiwezi kufuata mteremko unaoelekea tundu moja kutoka pande nne, kinabaki kimeinuka kona. Vidogo vinavyouzwa vikiwa vimebandikwa kwenye karatasi vilikuwa ghali, kwa hiyo fundi alivikata hivyohivyo vikubwa vipande vinne vinne. Vikafanana na sakafu nyingine, na hakuna aliyejua kwamba ni ubahili.

Nilimsimamia kwenye gundi tu. Alizoea kuweka matonge matano nyuma ya kigae na kukigonga. Kati ya matonge hubaki mapango, na bafuni mapango hujaa maji. Tulitumia mwiko wa meno, na kila baada ya vigae kumi tulibandua kimoja kuangalia mgongo wake. Sehemu ya maji gundi inatakiwa ishike karibu mgongo mzima, asilimia 95. Cha kwanza tulichobandua kilishika nusu. Cha tatu kilitoka na mgongo uliojaa gundi wote. Kwenye kona za ukuta na sakafu hatukutia grauti. Palitiwa silikoni, kwa sababu sakafu na ukuta husogea kila kimoja kivyake na grauti haina mnyumbuliko. Ule ufa mwembamba kama unywele ndiko ulikotokea.

Nilipokosea mimi

Mlango. Nilihesabu mteremko wote kwenye karatasi, kutoka kona hadi kitoleo, kutoka shawa hadi kizingitini, nikajisifu. Sikuhesabu kwamba kitoleo kisingeweza kushushwa, kwa kuwa bomba lililo chini yake lilikuwa na kimo chake. Kama sehemu ya chini haishuki, basi mteremko unapatikana kwa kuinua ya juu, na ya juu ilikuwa mlangoni. Siku vigae vilipomalizika fundi alijaribu kufunga mlango unaofungukia ndani, ukagoma katikati. Sakafu ilikuwa imepanda sentimita 2.

Mlango ulitolewa bawaba, ukakatwa sentimita 3, ukingo wake ukapakwa rangi usinywe maji. Tatizo kubwa zaidi lilikuwa kwamba sakafu ya bafu sasa ilikuwa chini ya ile ya korido kwa milimita 4 tu, na kitoleo kikiziba siku moja maji yangetembea hadi sebuleni. Tukabandika ubao wa jiwe kizingitini. Mafungu 3 kwa jumla, yote kwa kosa langu, na mafungu 11 ya dharura yakawa yamekwenda. Lilibaki moja.

Kosa la pili lilichelewa kujionyesha. Feni ya kutoa mvuke niliikata tangu mwanzo, nikisema dirisha la sentimita 60 kwa 60 linatosha. Dirisha linatosha likifunguliwa, na anayeoga kukiwa na baridi halifungui. Mwezi wa tatu tangu kazi iishe, dari juu ya shawa ilianza vitone vyeusi vya ukungu. Mama mdogo alinipigia simu, akaniambia kwa utulivu: "Njoo uone, bafu lako limeota ndevu." Lilikuwa limekuwa langu.

Feni ya lita 15 kwa sekunde ilitosha kwa chumba kile cha mita za ujazo 9.6, ni kama kubadilisha hewa yote mara tano na nusu kwa saa. Iligharimu mafungu 4 ambayo hayakuwemo, kwa hiyo hesabu kamili ya kazi ni 103. Fundi wa umeme alipokuja alisema feni haivuti chochote kama hewa haina pa kuingilia, na kwa kawaida angelazimika kukata mlango chini. Akainama kupima, akakuta kuna nafasi ya sentimita 1. Nilikaa kimya.

Ukuta wa chumbani haujapakwa rangi bado. Ukuta wa saruji uliolowa hukauka taratibu, mafundi hukadiria mwezi kwa kila sentimita 2.5 za unene, na ule una sentimita 15. Ukiuvamia na rangi mapema utafura tena hata kama bafu halivuji. Mstari wangu wa penseli upo palepale, na ndani yake doa limebaki la ukubwa wa sahani. Mama mdogo amechora mingine miwili ndani ya wangu, kila mmoja na tarehe yake.